Taarifa za robo mwaka za kampuni za teknolojia: maswali tunayoulizwa sana na wawekezaji wa Dodoma

Maswali haya yanatoka kwa watu tunaokutana nao hapa mjini: watumishi wa Mji wa Serikali Mtumba, wanafunzi wa UDOM, wafanyabiashara wa Soko la Ndugai, na vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo vimeanza kuangalia hisa. Wengi wao wana vipande vya UTT AMIS, mifuko ya uwekezaji wa pamoja, au hisa za benki zilizoorodheshwa Dar es Salaam, na sasa wanafuatilia Meta (wenye Facebook), Apple, Nvidia na Netflix kwenye simu. Kila msimu wa taarifa ukifika, wanashangazwa na jambo lile lile: habari ni nzuri, bei inashuka. Tumeandika majibu kwa kirefu pale panapohitaji kirefu. Hatumshauri mtu anunue au auze hisa fulani.

Taarifa ya robo mwaka ni kitu gani hasa?

Kampuni iliyoorodheshwa Marekani inatakiwa kuwaeleza wanahisa wake hali ya biashara kila baada ya miezi mitatu: imeuza kiasi gani, imetumia kiasi gani, imebakiwa na nini, inadaiwa nini. Kwanza hutoka tangazo la matokeo. Baadaye kidogo hufuata mkutano wa simu ambapo wachambuzi wanawauliza viongozi maswali. Kisha taarifa kamili huwasilishwa kwa SEC, mamlaka inayosimamia dhamana nchini humo, na kampuni kubwa hupewa siku 40 tangu robo iishe. Hesabu za robo hupitiwa na wakaguzi kwa kiwango cha chini kuliko za mwaka; ukaguzi kamili ni ule wa mwisho wa mwaka.

Angalia pia kalenda ya kampuni yenyewe. Mwaka wa fedha wa Apple huisha mwishoni mwa Septemba, wa Microsoft tarehe 30 Juni, wa Nvidia mwishoni mwa Januari. Ukisikia "robo ya kwanza ya Apple", hiyo ni Oktoba hadi Desemba, msimu wa sikukuu, na ndiyo yenye mauzo makubwa zaidi. Kuilinganisha na robo iliyoitangulia kutakudanganya. Ilinganishe na robo kama hiyo ya mwaka uliopita.

Kampuni imetangaza faida kubwa kuliko mwaka jana. Mbona hisa imeanguka?

Hili ndilo swali kuu, na majibu mengine yote yanatoka humu.

Mkulima wa Kongwa anayepeleka mahindi Soko la Kibaigwa analielewa jambo hili bila kufundishwa. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Zikianza vizuri, wanunuzi hawasubiri mavuno ndipo washushe bei. Wanaanza kuishusha mahindi yangali shambani, kwa kuwa wanaona maghala yatajaa. Mavuno yakifika kama walivyotazamia, bei haishtuki. Itashtuka magunia yakiwa mengi au machache kuliko walivyopiga hesabu.

Hisa ziko hivyo. Bei unayoiona leo tayari imebeba yale ambayo wawekezaji wanaamini yatatokea. Taarifa ikitoka, hawaulizi kama matokeo ni mazuri. Wanauliza kama ni mazuri kuliko yale waliyokwisha kuyalipia. Mtu aliyenunua kwa bei ya matumaini makubwa, akapewa matokeo mazuri ya kawaida, anaona amelipa zaidi ya thamani, na anauza.

Chukua Nvidia, kampuni ya chipu za kompyuta, mwezi Agosti 2024. Ilitangaza mapato ya dola bilioni 30 kwa robo moja, ongezeko la asilimia 122 kwa mwaka, na ikatabiri kwamba robo inayofuata itafika dola bilioni 32.5. Utabiri huo ulizidi kidogo wastani wa wachambuzi. Kesho yake hisa ilishuka zaidi ya asilimia 6. Biashara haikuwa na tatizo lolote. Tatizo ni kwamba kwa robo kadhaa mfululizo kampuni ilikuwa imewazoesha watu kuvuka makadirio kwa mbali, na safari hii ikavuka kwa hatua fupi.

Au Meta, Aprili 2024. Mapato yalipanda asilimia 27, faida ikapanda pia. Lakini kampuni ikasema mwaka huo itatumia dola bilioni 35 hadi 40 kwenye vituo vya data na mitambo ya akili mnemba, badala ya bilioni 30 hadi 37 ilizosema awali. Mark Zuckerberg akaeleza kwamba uwekezaji huo utachukua muda kabla ya kuanza kuingiza fedha. Hisa ikaanguka zaidi ya asilimia 10 kwa siku moja. Robo iliyopita ilikuwa nzuri, lakini wawekezaji walikuwa wanaangalia robo zinazokuja.

Basi kampuni ikipoteza wateja hisa inaweza kupanda?

Inaweza, na imewahi kutokea. Aprili 2022 Netflix, huduma ya kutazama filamu kwa intaneti, ilitangaza kwamba imepoteza wateja 200,000 katika robo ya kwanza, na ikaonya kuwa robo inayofuata ingepoteza milioni 2. Kesho yake hisa ilianguka asilimia 35. Julai ikarudi na taarifa nyingine: imepoteza wateja 970,000. Kwa hesabu ya kawaida hiyo ni hasara kubwa kuliko ile ya Aprili, karibu mara tano. Lakini watu walikuwa wamejiandaa kwa milioni 2, na hisa ikapanda.

Ukiielewa Netflix ya miezi hiyo miwili, umeielewa sehemu kubwa ya somo hili.

Hayo matarajio anayaweka nani?

Yana vyanzo vitatu. Cha kwanza ni wachambuzi wa benki za uwekezaji na madalali, ambao kila mmoja hutoa makadirio yake ya mapato na ya faida kwa kila hisa. Wastani wao ndio unaotajwa kwenye habari. Cha pili ni kampuni yenyewe, kupitia utabiri iliyoutoa robo iliyopita. Cha tatu hakiandikwi popote: ni kile ambacho wenye fedha nyingi wanakiamini moyoni, na mara nyingi kiko juu ya wastani wa wachambuzi. Pengo la cha tatu ndilo linaloeleza siku zile ambazo kichwa cha habari kinasema "imevuka makadirio" huku bei ikiporomoka.

Ujue pia kwamba viongozi wa kampuni wanajua mchezo huu. Wengi hutoa utabiri wa tahadhari ili baadaye wauvuke. Ndiyo maana kampuni nyingi kubwa huvuka makadirio ya wachambuzi karibu kila robo, na kuvuka kwa kiasi kidogo hakumshangazi mtu tena.

Kwa nini kampuni za intaneti zinatikisika kuliko benki au saruji?

Kwa sababu sehemu kubwa ya thamani yake iko mbele. Hisa ya kiwanda cha saruji unailipia mitambo iliyopo, mauzo yaliyopo na gawio unalolitegemea mwakani. Hisa ya kampuni ya intaneti inayokua haraka unailipia faida ya miaka kumi ijayo. Ukibadilisha kidogo tu makadirio ya kasi ya ukuaji, ukakokotoa tena hadi mwaka wa kumi, jibu linabadilika sana. Nambari moja ndogo ikionyesha kwamba ukuaji umegota, watu wanafuta sehemu kubwa ya mahesabu yao kwa usiku mmoja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Facebook. Tarehe 2 Februari 2022 kampuni yake mama, Meta, ilitangaza mapato ya dola bilioni 33.67 kwa robo ya mwisho ya 2021, ongezeko la asilimia 20. Humo ndani mlikuwa na mstari mmoja: watumiaji wa Facebook wa kila siku walikuwa wametoka bilioni 1.930 hadi bilioni 1.929. Kupungua huko ni kudogo mno, ila ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya kampuni. Mambo mawili mengine yakaongezeka. Mabadiliko ya faragha yaliyofanywa na Apple kwenye iPhone yangeigharimu Meta kama dola bilioni 10 mwaka 2022. Na utabiri wa robo inayofuata ulikuwa dola bilioni 27 hadi 29, wakati wachambuzi walitazamia zaidi ya bilioni 30. Kesho yake hisa ilianguka asilimia 26, na zaidi ya dola bilioni 230 za thamani ya kampuni zikatoweka. Hakuna kampuni ya Marekani iliyokuwa imewahi kupoteza kiasi hicho kwa siku moja kabla ya hapo.

Miaka miwili kamili baadaye, Februari 2024, Meta hiyo hiyo ilipanda asilimia 20 kwa siku moja baada ya kutangaza gawio lake la kwanza, senti 50 kwa hisa, pamoja na mpango wa kununua hisa zake yenyewe kwa dola bilioni 50.

Wawekezaji wazoefu wanasoma mstari gani kwanza?

Mapato na faida kwa kila hisa husomwa na kompyuta ndani ya sekunde chache, na bei huanza kusogea kabla binadamu hajamaliza aya ya kwanza. Usishindane na hilo. Kinachofuata ndicho kinachohitaji akili ya mtu.

Utabiri wa robo inayokuja ni mzito kuliko matokeo ya robo iliyopita. Mei 2023 Nvidia ilitabiri mapato ya dola bilioni 11 wakati wachambuzi walitazamia kama bilioni 7.2. Hisa ilipanda asilimia 24 siku iliyofuata, na hapo dunia nzima ikaelewa kwamba mahitaji ya chipu za akili mnemba si maneno matupu. Na utabiri unaweza kuangusha hata bila taarifa ya robo: tarehe 2 Januari 2019 Tim Cook, akiwa mtendaji mkuu wa Apple, aliandika barua kushusha makadirio ya mapato ya Apple hadi dola bilioni 84, kutoka bilioni 89 hadi 93, akitaja kudorora kwa uchumi wa China. Kesho yake hisa ilishuka karibu asilimia 10.

Baada ya utabiri, kila kampuni ina kitengo kimoja ambacho soko linakiangalia kuliko vingine. Oktoba 2023 Alphabet, kampuni mama ya Google, na Microsoft zilitoa taarifa jioni moja. Zote mbili zilikuwa na matokeo mazuri kwa jumla. Lakini kitengo cha wingu cha Google, yaani cha kukodisha kompyuta na hifadhi ya data kupitia intaneti, kiliingiza dola bilioni 8.41, chini ya ilivyotarajiwa, wakati kile cha Microsoft kilikua kuliko ilivyotarajiwa. Siku iliyofuata Alphabet ilishuka zaidi ya asilimia 9 na Microsoft ikapanda asilimia 3. Asiyejua kwamba wakati huo macho yalikuwa kwenye huduma za wingu angeona soko limechanganyikiwa.

Faida iliyotangazwa inaweza kunipotosha?

Ndiyo, hata kama kila tarakimu ni ya kweli. Amazon ilikuwa na hisa katika Rivian, kampuni ya magari ya umeme. Robo ya mwisho ya 2021 Amazon ilitangaza faida ya dola bilioni 14.3, lakini bilioni 11.8 kabla ya kodi zilitokana na kupanda kwa thamani ya Rivian. Robo iliyofuata Rivian ikashuka, Amazon ikaandika hasara ya dola bilioni 3.8, na ndani yake mlikuwa na punguzo la bilioni 7.6 kutoka huko huko Rivian. Mauzo ya vitabu, sabuni na huduma za wingu hayakuwa yamepinduka kiasi hicho ndani ya miezi mitatu.

Kwa hiyo tafuta faida ya uendeshaji, yaani ile inayotokana na biashara yenyewe, kisha nenda kwenye mtiririko wa fedha, yaani fedha taslimu zilizoingia na kutoka. Na ukikutana na "faida iliyorekebishwa", soma kimeondolewa nini. Kampuni nyingi za teknolojia huondoa gharama ya hisa wanazowapa wafanyakazi, wakisema si fedha taslimu. Kwetu sisi hiyo ni gharama halisi: hisa mpya zikitolewa, kipande chako cha kampuni kinapungua.

Taarifa hutoka saa ngapi kwa saa za Dodoma?

Soko la New York hufunga saa kumi jioni kwa saa zao. Kwetu hiyo ni saa tano usiku kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, na saa sita usiku miezi mingine, kwa sababu Wamarekani hubadilisha saa zao nasi hatubadilishi. Kampuni nyingi kubwa za teknolojia hutoa taarifa dakika chache baada ya kufunga. Mkutano wa simu mara nyingi huanza saa moja baadaye au zaidi. Misimu ni mwishoni mwa Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Nvidia huchelewa takriban mwezi mmoja.

Bei ninayoiona usiku ule ni ya kuaminika?

Kwa kiasi kidogo. Baada ya soko kufungwa wanunuzi na wauzaji ni wachache, tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza ni pana, na oda moja kubwa inaweza kuisogeza bei mbali. Zaidi ya hapo, habari yenyewe bado haijakamilika, kwa sababu mkutano wa simu haujafanyika.

Tarehe 25 Julai 2018 Facebook ilitoa matokeo, na hisa ikashuka kwa asilimia chache. Ndipo kwenye simu mkurugenzi wa fedha, David Wehner, akasema kasi ya ukuaji wa mapato itaendelea kupungua katika robo mbili zilizobaki za mwaka. Anguko likapita asilimia 20 usiku ule ule, na kesho yake hisa ikafunga ikiwa chini kwa asilimia 19, karibu dola bilioni 119 za thamani. Aliyenunua kati ya tangazo na simu, akidhani ameokota hisa kwa bei ya chini, alinunua katikati ya habari.

Kuna watu wanaojua matokeo kabla yetu?

Ndani ya kampuni wapo, na sheria inawakataza kufanya biashara ya hisa kwa kutumia siri hiyo. Kwa upande wa wachambuzi, tangu mwaka 2000 kanuni ya SEC inazuia kampuni kuwanong'oneza wachache habari nzito; ikisemwa kwa mmoja, inatakiwa isemwe kwa wote. Makosa hutokea lakini. Oktoba 2012 kampuni ya uchapishaji iliyokuwa ikiwasilisha nyaraka za Google ilituma taarifa mapema, soko likiwa wazi. Rasimu ilikuwa bado na nafasi tupu iliyosubiri nukuu ya Larry Page, mtendaji mkuu wa Google wakati huo. Hisa ikaanguka kama asilimia 9 kabla ya biashara kusimamishwa.

Ninunue siku moja kabla ya taarifa ili nipate ule mruko wa bei?

Hapana. Tunasema hivi kwa msisitizo kwa sababu tumeona watu wakichukua mkopo wa mshahara kwa ajili ya usiku mmoja. Ili upate faida unahitaji kujua mambo mawili: matokeo yatakuwaje, na wengine wanategemea nini. Hata ukibahatisha la kwanza, la pili linaweza kukuangusha, kama ilivyokuwa kwa Nvidia. Anayeamini katika kampuni kwa miaka mitano hana haja ya kuingia usiku wa taarifa. Asiyeiamini kwa miaka mitano, usiku mmoja hautampa sababu ya kuiamini.

Nikisubiri nisome kwanza, si nitakuwa nimechelewa?

Si lazima. Mwaka 1968 Ray Ball na Philip Brown walichapisha utafiti uliokuja kuwa msingi wa fani hii. Walionyesha kwamba sehemu kubwa ya mwendo wa bei hutokea kabla ya taarifa kutoka, soko linapobashiri. Lakini pia waliona bei ikiendelea kusogea upande ule ule baada ya tangazo. Watafiti wengi waliofuata wamelithibitisha hilo: kampuni iliyoshangaza kwa wema huendelea kupanda polepole, iliyoshangaza kwa ubaya huendelea kushuka. Kwa kampuni kubwa zinazofuatwa na wachambuzi wengi mwendo huo umekuwa dhaifu, kwa hiyo usiufanye mtego wa kupata fedha. Unatosha kukuondolea hofu ya kuchelewa.

Kampuni moja ikitoa onyo, kwa nini nyingine zinaanguka nayo?

Kwa sababu zinachota kisima kimoja. Tarehe 23 Mei 2022 Snap, wenye Snapchat, ilisema haitafikia utabiri wake wenyewe wa robo ile kwa kuwa hali ya uchumi imeharibika haraka. Kesho yake ilianguka asilimia 43. Pinterest ikashuka zaidi ya asilimia 20, Meta zaidi ya 7, Alphabet karibu 5. Zote zinaishi kwa matangazo. Wawekezaji walihitimisha kwamba kama wenye bidhaa wamepunguza bajeti ya matangazo kwa Snap, hawatakuwa wamemwacha jirani.

Hivyo taarifa ya kampuni ambayo huna hisa zake inaweza kukueleza habari za ile unayoimiliki. Matumizi ya Microsoft, Meta, Amazon na Alphabet kwenye vituo vya data ni mapato ya Nvidia.

Haya yanatuhusu vipi sisi wenye hisa za Dar es Salaam?

Yanahusu, ila kwa mwendo mwingine. Benki zilizoorodheshwa DSE, soko la hisa la Dar es Salaam, kama CRDB na NMB, huchapisha hesabu kila robo, na mtu aliyezoea kusoma matangazo ya Marekani atazielewa haraka. Bei haziruki usiku mmoja, kwani wauzaji na wanunuzi ni wachache na wanahisa wengi ni wa kushikilia. Habari njema inaweza kuchukua wiki kuingia kwenye bei. Msomaji mvumilivu ana nafasi nzuri hapa kuliko New York, na tunatamani vikundi vya Dodoma vilione hilo.

Kwa upande wa mawasiliano kuna Vodacom Tanzania, iliyoorodheshwa Agosti 2017 kwa Sh850 kwa hisa, baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa zake kwa umma. Mwaka wake wa fedha huisha 31 Machi. Aliyesoma taarifa zake za kipindi cha tozo ya miamala ya simu, iliyoanza Julai 2021, aliona jinsi uamuzi wa kodi uliopitishwa hapa hapa Dodoma, bungeni, unavyoshuka hadi kwenye mstari wa mapato ya M-Pesa. Mwaka ule ulioishia Machi 2022 kampuni ilitangaza hasara.

Airtel Africa imeorodheshwa London na Lagos na hutoa taarifa kila robo. Mwaka ulioishia Machi 2024 ilitangaza hasara ya dola milioni 89, iliyosababishwa zaidi na kuporomoka kwa naira ya Nigeria, si kwa kukosa wateja. Kwa kampuni yoyote ya Kiafrika inayoripoti kwa dola, soma ukuaji kwa sarafu za nchi husika kando na ukuaji kwa dola. Ukiruka hapo utaihukumu kampuni kwa kosa la sarafu.

Na Jumia, duka la mtandaoni la Afrika? Iliorodheshwa New York Aprili 2019 kwa dola 14.50, ikamaliza siku ya kwanza juu ya dola 25. Taarifa za robo zilizofuata zilionyesha hasara zikiendelea, wawekezaji wakaanza kuhesabu fedha zilizobaki benki zitatosha hadi lini. Novemba mwaka huo huo ikafunga shughuli zake Tanzania. Waliokuwa wakiagiza bidhaa kwao walishtuka. Waliokuwa wakisoma hesabu hawakushtuka sana.

Mkazi wa Dodoma anaruhusiwa kununua hisa za Marekani?

Kanuni za fedha za kigeni, zinazosimamiwa na Benki Kuu, zina masharti kuhusu mkazi wa Tanzania kuwekeza kwenye dhamana za nje. Kabla hujatuma hata shilingi moja, muulize ofisa wa benki yako na dalali mwenye leseni ya CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji na dhamana nchini. Kumbuka pia makato: Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, hivyo gawio hukatwa asilimia 30 huko huko kabla halijakufikia. Na kupanda au kushuka kwa shilingi dhidi ya dola kunaweza kula au kuongeza faida yako bila kampuni kufanya lolote.

Kuna kijana kwenye kundi la WhatsApp anauza "uhakika" wa taarifa za usiku wa leo. Tumlipe?

Msimlipe. Kama anajua matokeo kweli, anavunja sheria. Kama hajui, anawaibia. Mwombeni namba ya leseni ya CMSA muone atakavyojibu.

Nasoma wapi taarifa zenyewe bila kulipia?

Kwenye EDGAR, hazina ya nyaraka ya SEC, kila kitu ni bure. Tovuti ya kila kampuni pia ina ukurasa wa wanahisa wenye tangazo, sauti ya mkutano wa simu na mara nyingi maandishi yake. Anza na majedwali, ndipo usome maneno ya mtendaji mkuu. Nenda moja kwa moja kwenye jedwali la mtiririko wa fedha, toa matumizi ya mitambo kwenye fedha zilizotokana na uendeshaji, uone kinachobaki. Kisha fungua taarifa ya robo iliyopita uone waliahidi nini.

Hisa niliyonayo imeanguka asilimia 20 usiku wa taarifa. Niuze asubuhi?

Asubuhi yetu soko lao limefungwa. Litafunguliwa saa kumi na nusu jioni, au saa kumi na moja na nusu majira yao ya baridi. Tangu taarifa itoke una zaidi ya saa kumi na saba za kusoma, kwa hiyo zitumie.

Anguko lenyewe halikuambii ufanye nini. Meta baada ya ile asilimia 26 ya Februari 2022 iliendelea kushuka, ikaanguka tena zaidi ya asilimia 24 kwa siku moja mwezi Oktoba, na mwaka ukaisha ikiwa imepoteza karibu theluthi mbili ya bei. Mwaka 2023 ikapanda hadi karibu mara tatu. Aliyeuza Februari alionekana mwerevu mwezi Oktoba, na aliyenunua Novemba alionekana mwerevu mwaka uliofuata. Snap, kwa upande wake, haikurudi kwenye bei yake ya kabla ya Mei 2022 katika miaka iliyofuata. Tofauti ya hizo mbili ilikuwa kwenye hesabu: Meta ilibaki ikitengeneza faida ya mabilioni hata katika mwaka wake mbaya, na ikaweza kupunguza gharama, ikianza na wafanyakazi 11,000 iliowaachisha Novemba 2022. Snap ilikuwa ikipata hasara kabla ya anguko na ikaendelea kupata hasara baadaye.

Kwa hiyo jiulize: kilichobadilika ni matarajio ya watu, au ni biashara yenyewe? Wateja wanaondoka, au wanaongezeka polepole kuliko walivyotegemewa? Kampuni ina fedha za kupita kipindi kibaya bila kukopa? Andika majibu kwenye karatasi pamoja na sababu iliyokufanya ununue hisa ile mwanzoni. Ikiwa sababu hiyo imevunjwa na taarifa, uza, hata kama ni kwa hasara. Ikiwa bado ipo, hakuna kinachokulazimisha kuuza saa kumi na nusu.